Wanafunzi Mitandaoni (2): Madesa Yamejaa, Mjadala Uko Wapi?

Machi 2020, Tanzania ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi yalibaki wazi. Vyuo vilifunguliwa Juni mosi, lakini mazoea yale hayakwisha. Madesa, ratiba, tangazo la kipindi kuahirishwa: vyote hupitia kwenye simu.

Kwa kusambaza, mitandao haina mpinzani. Kundi la WhatsApp lilikuwa na ukomo wa watu 256. Mwaka 2022 ukapanda hadi 1,024. Telegram hubeba hadi 200,000, na anayejiunga leo anaweza kupekua mafaili ya mwaka juzi, ndiyo maana mitihani ya nyuma hurundikwa huko. Asiye na bando humngoja mwenzake amrushie.

Kujadiliana ni habari nyingine.

Chukua swali linalowatatiza wanafunzi wengi wa fizikia. Jiwe limerushwa juu wima. Pale kileleni, kabla halijaanza kushuka, mchapuko wake ni ngapi? Wa kwanza akiandika "sifuri", vidole gumba vinamiminika, na mwenye shaka ananyamaza asije akachekwa. Kumbe iliyo sifuri ni kasi. Mchapuko haujabadilika, ni takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde. Nao ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki likining'inia hewani.

Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua kuwa wanafunzi wake walikokotoa vizuri huku dhana za msingi zikiwapiga chenga. Mapema miaka ya 1990 akabadili ufundishaji: anatoa swali, kila mmoja anajibu peke yake, kisha anajadiliana na jirani yake na kujaribu kumshawishi, halafu wote wanajibu upya. Mara nyingi waliopata huongezeka kabla mwalimu hajatamka jibu.

Hilo halihitaji maabara wala ada ya Harvard. Kura ya Telegram haioneshi matokeo mpaka mtu apige yake, na majina yanaweza kufichwa. Ya WhatsApp kwa kawaida huwaanika wapigaji, hivyo wengi hufuata mkumbo wa yule anayesifika kwa akili. Admini aweke swali jioni, adai sababu badala ya jibu tupu, kisha arudie kura.

Wiki ijayo: je, mwalimu awemo kwenye kundi la wanafunzi?