Dinari ya Mfalme Offa na Thamani Iliyozidi Dhahabu

Wengi wetu tusikiapo habari za wakusanyaji wa sarafu kongwe za dhahabu za Uingereza, hudhani kuwa hilo ni pumbao la matajiri, lisilotuhusu ndewe wala sikio. Hata hivyo, mojawapo ya sarafu mashuhuri kabisa za aina hiyo imeandikwa kwa Kiarabu, na maneno yake anayafahamu kila mtoto wa madrasa.

Sarafu hiyo ilitolewa kwa jina la Offa, mfalme wa Mercia, aliyetawala tangu mwaka 757 hadi 796 Miladia. Fundi wake aliiga dinari ya Khalifa Abu Jaafar al-Mansur wa Banu Abbas, ya mwaka 157 Hijria. Shahada imo, na tarehe ya Hijria imo. Katikati ya mistari ya Kiarabu yamepenyezwa maneno mawili ya Kilatini, OFFA REX, yaani Mfalme Offa. Ukiyaweka sawa maneno hayo uyasome, Kiarabu huwa kichwa chini. Tena baadhi ya herufi zimekosewa. Yaelekea aliyezichonga hakujua alichokuwa akikiandika.

Kwa nini basi mfalme Mkristo aliiga dinari? Wanahistoria wametoa maelezo mbalimbali, lakini moja liko wazi: dinari ilisifika kwa uzani thabiti na usafi wa dhahabu yake, ikapokelewa mbali na mipaka ya dola la Kiislamu. Uadilifu wa mizani ulifika mahali ambapo lugha haikueleweka. Leo sarafu hiyo imehifadhiwa katika British Museum, jijini London.

Tuitazame sasa sarafu iliyokosa imani hiyo. Mwaka 1257 Mfalme Henry III alitoa peni ya dhahabu yenye thamani ya peni 20 za fedha. Wakuu wa mji wa London walimlalamikia kwamba ingewadhuru maskini, ambao wengi wao mali yao yote haikufikia thamani ya sarafu moja. Isitoshe, dhahabu iliyomo ilizidi thamani iliyotangazwa, hivyo kuiyeyusha kukawa na faida kuliko kuitumia. Zilizosalia ni chache mno. Mwaka 2021 moja iliokotwa shambani huko Devon na mtu aliyetumia kifaa cha kutambua metali. Uzito wake haufiki gramu 3, lakini Januari 2022 ilinunuliwa mnadani kwa pauni 648,000, pamoja na ada.

Hapo ndipo penye funzo. Bei hiyo haikutokana na dhahabu, bali na uchache wa sarafu, hali yake, na uhakika wa mahali ilipotoka. Kwa sababu hiyo wakusanyaji wenye busara hawasugui sarafu kongwe ili ing'ae, na hawanunui isiyo na historia inayothibitika, kwani za bandia ni nyingi.

Basi familia iliyorithi sarafu ya kale kutoka kwa mababu isiharakishe kuipeleka kwa sonara. Iandike kwanza ilitoka kwa nani na lini, kisha imtafute mjuzi aitazame. Dhahabu iliyoyeyushwa hubaki dhahabu, lakini ushahidi uliochongwa juu yake haurudi.