Hatifungani ya Miundombinu Inavyoharakisha Ujenzi wa Barabara za Wilaya

Kazi ya barabara inaposimama kabla ya masika kwa sababu mkandarasi anasubiri malipo, changarawe iliyokwisha kumwagwa husombwa na maji, na kazi hulazimika kurudiwa kwa gharama nyingine. Hatifungani ya Miundombinu ya Samia ilibuniwa ili kupunguza tatizo hilo katika miradi ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA).

TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 na iliyo chini ya TAMISEMI, inasimamia mtandao wa barabara za wilaya wenye zaidi ya kilomita 144,000. Fedha zake hutokana na Bajeti ya Serikali na Mfuko wa Barabara, unaotegemea zaidi tozo ya mafuta. Mwaka wa fedha 2021/22, Serikali iliongeza tozo hiyo kwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini.

Hata hivyo, tozo hukusanywa kidogo kidogo mwaka mzima, ilhali mkandarasi huhitaji fedha za mafuta, vifaa na vibarua tangu siku ya kwanza. Pengo hilo la muda ndilo linalozibwa na hatifungani.

Hatifungani hiyo ilitolewa na Benki ya CRDB na kuanza kuuzwa Novemba 2024. Kiwango cha chini cha uwekezaji kilikuwa shilingi 500,000, muda wake ni miaka mitano, na riba ni asilimia 12 kwa mwaka, inayolipwa kila baada ya miezi mitatu. Hivyo, aliyewekeza shilingi milioni moja hupata shilingi 30,000 kila robo mwaka, na mtaji wake hurejeshwa muda unapokamilika. Lengo lilikuwa kukusanya shilingi bilioni 150. Zilipatikana shilingi bilioni 323.09.

Kupitia fedha hizo, benki humwezesha mkandarasi wa mradi wa TARURA kupata mtaji wa kuendelea na kazi kabla malipo ya Serikali hayajamfikia. Malipo hayo yanapotoka, mkopo hurejeshwa.

Ni muhimu kuelewa kuwa hatifungani si chanzo kipya cha mapato wala si msaada. Huwahisha fedha, lakini haiongezi bajeti ya barabara: mwisho wa yote, gharama hulipwa na kodi na tozo za wananchi. Kwa sababu hiyo, mafanikio yake yanategemea mambo mawili: hati za malipo kulipwa kwa wakati, na kazi kukaguliwa kabla ya kuidhinishwa. Malipo yakichelewa, riba humwelemea mkandarasi. Kazi duni ikipitishwa, wananchi watalipia barabara ambayo mvua imekwisha kuichukua.