Kejeli Haipunguzi Uzito

Imeenea imani kwamba mtu mnene akisemwa vya kutosha ataona haya, atajizuia kula, na mwishowe atapungua. Kondakta anayemdai abiria nauli ya watu wawili huku daladala nzima ikicheka huenda hana nia hiyo njema, lakini shangazi anayemsema mpwa wake mbele ya wageni anayo, na hujiona anamsaidia. Ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine kabisa. Mwaka 2013 watafiti Angelina Sutin na Antonio Terracciano wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 6,000 kati ya 2006 na 2010. Miongoni mwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na unene uliokithiri, waliosema kuwa wamebaguliwa kwa sababu ya uzito walikuwa na uwezekano wa kuupata takriban mara mbili na nusu ya wenzao. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kwamba dhihaka ndiyo chanzo, ila sababu si ngumu kuzikisia: fedheha huleta msongo, msongo huwasukuma wengi kwenye chakula, na mtu aliyekwisha kuzomewa akikimbia barabarani hatoki tena kesho yake.

Nyuma ya kejeli kuna dhana kwamba unene ni uvivu na ulafi tu. Mwili una ukaidi wake. Mwaka 2016 timu ya Kevin Hall ilichapisha vipimo vya washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, miaka sita baada ya kipindi kwisha. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza, na miili yao wakiwa wamepumzika ilitumia, kwa wastani, kilokalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Hao walikuwa wamejituma kuliko wengi wetu tunaowacheka.

Kuna watakaosema: unene unaleta kisukari na shinikizo la damu, je, daktari anyamaze asionekane mbaguzi? La, asinyamaze. Kumweleza mgonjwa hatari iliyo mbele yake ni tiba. Kumhukumu tabia kwa kumtazama tu si tiba. Mgonjwa aliyekuja na maumivu ya goti akaambiwa "punguza kwanza mwili" bila hata goti kushikwa, huenda asirudi hata siku atakapoota uvimbe. Hata vifaa vina upendeleo wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba mkanda wa presha wa saizi ya kawaida, ukifungwa kwenye mkono unaohitaji ule mkubwa zaidi, hupandisha kipimo cha juu kwa karibu pointi 20. Mtu anaweza kuandikiwa dawa kwa ugonjwa asio nao.

Pingamizi la pili ni la kwetu zaidi: Waswahili tunausifia unene, basi unyanyapaa huu ni wa Wazungu. Pana ukweli hapo. Utafiti wa Alexandra Brewis na wenzake wa mwaka 2011, uliolinganisha jamii kumi, uliikuta Tanzania miongoni mwa zile zenye dharau ndogo kwa watu wanene. Lakini sifa hiyo ina masharti: "umependeza" ya leo hugeuka "bonge" mara tu mtu anapovuka kipimo kisichoandikwa popote. Miaka ya UKIMWI ilitufundisha upande wa pili, pale aliyekonda alipoanza kunong'onwa, na hofu ya kunong'onwa ikawazuia watu kwenda kupima. Tulitumia miaka mingi kuupinga unyanyapaa ule, tena kwa hoja ya afya na si ya huruma tu. Hoja hiyo inafaa hapa pia. Vituo vya afya vinunue mikanda mikubwa ya presha na viti imara, wahudumu waombe ruhusa kabla ya kugusia uzito, na sisi wengine tuache kuufanya mwili wa mtu kuwa salamu.