Likizo ya kujipikia msituni: Maandalizi huanzia jikoni nyumbani

SHULE zinapofungwa, wazazi wengi nchini hujipata wakichagua mojawapo ya mambo mawili: kuwapeleka watoto mashambani kwa nyanya na babu, au kukusanya akiba yote na kuelekea Pwani, ambako hoteli hutoza kila kichwa na kila sahani. Kuna njia ya tatu ambayo familia nyingi hazijaijaribu, nayo ni kukodi banda ndani ya msitu, kubeba chakula na kujipikia kwa siku chache.

Gharama ya likizo ya aina hii huwa nafuu kwa kuwa banda hulipiwa kwa usiku, na chakula ni kile kile ambacho familia ingekula nyumbani. Hata hivyo, msituni hakuna duka la jirani la kukimbilia chumvi ikisahaulika. Familia isiyojiandaa hurudi imechoka kuliko ilivyokwenda, na mara nyingi anayechoka zaidi ni mama, ambaye hugundua kwamba alihamishwa tu kutoka jiko moja hadi jingine.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina nyumba za kujipikia katika maeneo kadhaa, yakiwemo Mlima Elgon, Aberdare na Msitu wa Kakamega. Kwa familia inayoanza, Kakamega unafaa kuzingatiwa kwanza. Tofauti na misitu ya Elgon na Aberdare, msitu huu hauna ndovu wala nyati, hivyo wageni huweza kutembea kwa miguu pamoja na mwelekezi badala ya kufungiwa ndani ya gari.

Msitu huo, ulio karibu kilomita 400 kutoka Nairobi kwa barabara, ni masalio ya msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulienea kutoka bonde la Kongo. Una zaidi ya aina 300 za ndege, pamoja na mbega, kima na vipepeo wasiohesabika. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na husimamiwa na KWS. Sehemu ya kusini, Isecheno, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kila upande una taratibu na ada zake, na anayelipia upande mmoja asidhani amelipia msitu mzima.

Maswali kabla ya kulipa

Neno "banda" huficha mengi. Laweza kuwa nyumba yenye vyumba, jiko la gesi na bafu, au kibanda cha nyasi chenye vitanda pekee, huku jiko na choo vikiwa nje na vikitumiwa na wageni wote. Huko Buyangu aina zote mbili zimekuwepo: nyumba za Isukuti na vibanda vya Udo. Anayetarajia ya kwanza akakuta ya pili huanza likizo kwa manung'uniko.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mzazi apige simu na kuuliza: Vitanda ni vingapi? Je, kuna blanketi na vyandarua? Jiko ni la gesi au la kuni, na gesi imo? Kuna sufuria, sahani na vikombe vya kutosha? Kuna umeme na friji? Maji ya kunywa hutoka wapi? Majibu yaandikwe, maana ndiyo yatakayoamua mzigo utakaofungwa.

KWS hupokea malipo kwa njia ya mtandao, wala si pesa taslimu langoni. Ni vyema kulipa mapema na kubeba stakabadhi iliyochapishwa, kwa kuwa si kila mahali chini ya miti ambapo simu hushika mawimbi.

Wakati nao una uzito. Kakamega hupata mvua nyingi, na miezi ya Aprili na Mei huwa na matope mazito. Desemba hadi Februari ndicho kipindi kikavu zaidi, hivyo likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inafaa kuliko ile ya Aprili. Lakini hata wakati huo wa kiangazi, koti la mvua na viatu vya mpira visiachwe nyumbani.

Chakula kipangwe kwa milo

Kosa la kawaida ni kununua chakula kwa kukisia. Njia bora ni kuhesabu milo. Familia inayofika Ijumaa alasiri na kuondoka Jumatatu asubuhi ina vyakula vya jioni mitatu, viamshakinywa vitatu na vyakula vya mchana viwili. Jumla milo minane, mbali na chakula cha njiani. Kila mlo uandikwe kwenye karatasi pamoja na vinavyohitajika, hadi mafuta, chumvi na majani chai.

Mpangilio ufuate kasi ya kuharibika kwa vyakula. Nyama iliyogandishwa nyumbani na kufungwa ndani ya kasha la barafu ipikwe usiku wa kwanza. Maharagwe yanayomaliza gesi kwa kuchemka saa nyingi yachemshwe nyumbani, yagandishwe vivyo hivyo, na yaliwe siku hiyo au asubuhi inayofuata. Siku ya pili iwe ya mayai, kabichi, karoti na viazi. Usiku wa mwisho ni wa vyakula vikavu visivyohitaji friji, kama omena, kamande na mchele.

Pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi huweza kuwatosha watu watano kwa milo miwili au mitatu ya ugali, kutegemea umri wa watoto. Vyakula vya sufuria moja, kama vile pilau au viazi na kamande, huokoa gesi, maji ya kuoshea vyombo na nguvu za mpishi.

Si lazima kila kitu kitoke nyumbani. Mboga, ndizi na mayai vyaweza kununuliwa katika masoko ya mjini Kakamega, na hivyo wakazi wanaoishi na msitu huo wanufaike na mgeni.

Kuhusu maji, ni busara kupanga lita mbili za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu watano na siku tatu hizo ni lita 30, kabla ya chai na mapishi. Mitungi miwili ya lita 20 iliyojazwa mjini itakidhi haja hiyo. Maji ya mto yasinywewe bila kuchemshwa kabisa.

Mitungi hiyo ina sababu nyingine. Mbali na mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini Agosti 2017, tangu Juni 5, 2020 hairuhusiwi kuingiza plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi na misitu inayolindwa. Chupa za maji za dukani, sahani na vijiko vya kutupwa huweza kuzuiliwa langoni. Kila mtoto awe na chupa yake ya kujazwa tena.

Moto unaoua kimya

Jambo hili lisisahaulike hata kama mengine yote yatasahaulika. Usiku wa msituni huwa na baridi, hasa baada ya mvua, na kishawishi cha kuingiza jiko la makaa ndani ya banda ili kupasha chumba joto huwa kikubwa. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa, gesi hiyo huweza kuua familia nzima usingizini.

Jiko linaloonekana kuwa jivu tupu bado ni hatari. Lipikiwe nje, libaki nje, na baridi ikabiliwe kwa blanketi, soksi na masweta. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na moto, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini.

Wanaobeba mtungi wa gesi wa kilo sita wausimamishe wima ndani ya gari, waliache dirisha wazi, na wakague uvujaji kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha. Mtungi huo haufai kupakiwa ndani ya matatu. Familia isiyo na gari la kibinafsi ichague banda lenye jiko tayari. Nako kukata miti au kuokota kuni bila idhini ya wasimamizi ni kosa.

Wenyeji wasiobisha hodi

Kima na nyani hujifunza upesi kwamba banda lina mkate. Dirisha likiachwa wazi kwa dakika chache, chakula cha siku mbili huweza kupaa juu ya mti. Chakula kihifadhiwe katika vyombo vyenye vifuniko, milango ifungwe, na watoto waonywe wasiwape wanyama hao chochote. Nyani aliyezoea kulishwa hugeuka mnyang'anyi, na mtoto mwenye ndizi mkononi ndiye wa kwanza kuvamiwa.

Siafu nao hupita kwa misururu. Mabaki ya chakula yasilale mezani, na matembezini suruali ziingizwe ndani ya soksi. Anayejikuta katikati ya msururu asisimame kujikung'uta hapo hapo. Asonge mbele kwanza.

Msitu una nyoka pia, akiwemo moma, ambaye rangi zake hufanana na majani makavu. Wengi wao humkwepa binadamu. Ni muhimu kubaki njiani, kuvaa viatu vilivyofunika mguu, kumulika tochi kila hatua usiku na kukung'uta viatu asubuhi. Aliyeumwa atulizwe asitembee, avuliwe pete na bangili kabla ya kuvimba, kisha akimbizwe hospitalini. Kuchanja jeraha, kulinyonya au kulifunga kwa kamba huongeza madhara.

Hata hivyo, anayehitaji kuogopwa zaidi ni mbu. Kakamega ni eneo la malaria, na watoto waliokulia Nairobi au nyanda za juu hawana kinga ya kutosha. Familia imwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kuzuia, hasa ikiwa na mtoto mchanga au mama mjamzito. Jioni ivaliwe mikono mirefu, na kila mtu alale chini ya chandarua kisicho na matundu. Dalili huweza kujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa. Homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe bila kuchelewa, na daktari aambiwe familia ilikuwa wapi.

Mama naye apumzike

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Orodha ya milo minane inapoandikwa, karibu na kila mlo liandikwe pia jina la mpishi na la muosha vyombo. Baba anaweza kupika chai na mayai asubuhi. Watoto wakubwa wanaweza kumenya viazi. Wadogo wanaweza kuhesabu vijiko. Mpango huu uafikiwe nyumbani, kwa sababu ukisubiri hadi njaa iingie, kazi yote itaangukia mikono iliyoizoea.

Watoto waelezwe pia mipaka yao mapema. Hakuna kuingia msituni bila mtu mzima, na kila mmoja awe na filimbi. Sheria ni moja: anayepotea asimame alipo na apulize. Katika msitu mzito, mita chache nje ya njia zatosha kumpoteza hata mtu mzima.

Siku nazo zisijazwe shughuli. Matembezi ya alfajiri na mwelekezi, ndege wanapoimba na hondohondo kupita juu kwa mbawa zenye kishindo, hutosha kwa asubuhi moja. Mlima mdogo wa Buyangu hutoa mandhari ya msitu kama zulia la kijani. Alasiri, ambapo mvua hunyesha mara nyingi, iachiwe karata, hadithi na usingizi.

Kabla ya kuondoka, moto uzimwe kwa maji, sufuria zisuguliwe, na taka zote zirudi mjini ndani ya gunia lililotoka na familia nyumbani. Karatasi ile ya milo isitupwe. Pembeni mwake yaandikwe yaliyobaki, yaliyopungua na yaliyosahaulika, maana ndiyo itakayoipa safari ya pili wepesi ambao ya kwanza haikuwa nao.