Fahamu: Kwa nini mguu wa mtoto huumia kwenye baiskeli

Kisangani, baiskeli za toleka, yaani teksi za baiskeli, zilivuma miaka ya 1990. Leo pikipiki zimetawala, lakini mtaani Kapalata mzazi mwenye baiskeli bado humpakia mwanawe kwenye keria.

Hatari iko wapi?
Miguu ya mtoto huning'inia karibu na spoki. Gurudumu likiunasa mguu, kisigino huchanika, pengine mfupa huvunjika.

Na mtoto mchanga?
Asiyetimiza mwaka asipakiwe: shingo yake bado haijakomaa kuhimili mitikisiko.

Ufanye nini?
Ziba gurudumu la nyuma pande zote mbili, hata kwa wavu mgumu. Tumia kiti chenye mkanda na pa kukanyagia. Mvike kofia ngumu inayomtosha. Barabara ikiharibika, shuka usukume.