Nyandarua, Mlima wa Maji na Majina

Msafiri atokaye Nyeri asubuhi na kuelekea magharibi huiona safu ya Nyandarua imelala chini ya mawingu mfano wa ngozi ya mnyama iliyowambwa ikauke, na kwa umbo hilo Wakikuyu, wenyeji wa mteremko wa mashariki, wakaipa jina lake. Katika mwaka 1884 mpelelezi Mskoti aitwaye Joseph Thomson alipita upande ule, akaibandika jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa jumuiya ya wanajiografia huko London. Jina hilo likaingia katika ramani, na mwaka 1950 hifadhi ya taifa ilipoanzishwa ikaitwa nalo mpaka leo. Nimetanguliza habari ya majina kwa makusudi, kwa sababu kila hatua apigayo mgeni katika jabali hili hukutana na jina, na kila jina lina mtu aliyelitoa na mtu aliyenyimwa nafasi ya kulitoa.

Barabara za hifadhini ni za udongo, na kwa kuwa mvua hainyeshi hapo kwa misimu miwili tu kama mabondeni, bali huanguka karibu wakati wowote ipendapo, gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halifai kuletwa. Chini kuna msitu mnene wa miti mirefu iliyoning'iniza ndevu za kijivu za kuvumwani. Juu yake huanza mianzi, iliyosongamana hata mchana huwa kama magharibi. Na juu ya mianzi msitu hukatika ghafula, mtu akatokea katika nyika ya nyasi na baridi, karibu mita 3,000 juu ya bahari, ambako ukungu huja na kuondoka bila ya hodi. Ndovu na nyati ni wengi, na mbega huruka matawini kwa joho zao nyeusi na nyeupe. Adimu kuliko wote ni bongo, paa mkubwa mwekundu mwenye michirizi myeupe, ambaye wengi wamekaa hapo siku nyingi wasimwone.

Katika nyika hiyo ndimo mito huzaliwa, na pale ardhi inapokatika ndipo hugeuka kuwa maporomoko. Karuru hushuka mita 273 kwa vipandio vitatu, cha kwanza mita 117, cha pili mita 26, na cha mwisho mita 130; na ng'ambo ya bonde hilohilo Gura nayo hujitupa, kiasi kwamba mtu akisimama ukingoni huyaona maji mawili yakielekeana kama mashahidi wawili wa jambo moja. Kishindo chake humzuia mtu kumsikia mwenziwe aliye ubavuni. Mimi niliposimama pale niliwaza kwamba kelele hiyo, ambayo kwetu sisi wageni ni burudani, kwa watu waliokuwa wakisakwa ilikuwa sitara.

Maana tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na maelfu ya vijana wakaingia katika msitu huu wakiwa Jeshi la Ardhi na Uhuru, ambao dunia iliwajua kwa jina la Mau Mau. Walikaa humo miaka katika baridi ya kuganda, wakivaa ngozi za wanyama nguo zilipowachakaa, wakila asali na nyama ya mitego, wakilala chini ya mianzi na katika mapango, huku ndege za kivita zikimwaga mabomu juu ya miti, na ndovu wasiokuwa na hatia wakijeruhiwa pamoja nao. Kando ya poromoko mojawapo liko pango ambalo wageni huonyeshwa, nalo huitwa Pango la Malkia. Sina chuki na malkia yeyote, lakini moyo wangu hukataa kuridhika kwamba katika mlima uliowahifadhi wapigania uhuru, pango libebe jina hilo.

Malkia mwenyewe ana kisa chake hapa. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, angali binti mfalme, alilala Treetops, nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti wa mugumo pembezoni mwa msitu, na usiku huo baba yake akafariki Uingereza. Miaka miwili baadaye wapiganaji waliichoma nyumba ile. Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada, na ndani zaidi ya msitu huonyeshwa mugumo mwingine ambao Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, na watu wake waliufanya posta, wakiacha barua ndani yake.

Ukingoni mwa msitu wanavijiji, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba handaki refu, ili chakula kisipite kwenda kwa wana wao. Leo ukingo huohuo umezungukwa na ua wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, uwazuie ndovu wasile mashamba na watu wasikate miti. Ua huo naukubali kwa dhati, kwani aliyeona mazao ya mwaka mzima yakikanyagwa usiku mmoja hatauona kuwa anasa; ila ningetamani mgeni apitaye langoni aelezwe na habari za handaki.

Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo katika kaburi lisilo na alama, na jamaa zake wameomba miaka mingi wapewe mifupa yake. Nairobi, mji ulio jirani na gereza hilo, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika mito ishukayo Nyandarua.