Paige Bueckers
Paige Madison Bueckers (amezaliwa 20 Oktoba 2001) ni mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Marekani. Anacheza nafasi ya mlinzi katika timu ya Dallas Wings ya ligi ya wanawake, WNBA.

Alikulia jimbo la Minnesota. Mwaka 2020 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), na mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Naismith ya mchezaji bora wa vyuo akiwa bado mwaka wa kwanza wa masomo.

Majeraha
Desemba 2021 aliumia goti la kushoto. Alirudi kabla msimu haujaisha, lakini UConn ilifungwa na South Carolina katika fainali ya 2022. Agosti mwaka huo kano ya goti hilohilo ilichanika, akakosa msimu mzima wa 2022–23.

Ubingwa
Mwaka 2024 angeweza kwenda WNBA, ila aliamua kubaki chuoni. Tarehe 6 Aprili 2025 UConn iliifunga South Carolina 82–59 katika fainali. Ulikuwa ubingwa wa 12 wa chuo hicho na wa kwanza kwake. Siku nane baadaye Dallas Wings ilimteua wa kwanza kati ya wachezaji wapya wote, na msimu huohuo akatangazwa mchezaji chipukizi bora wa WNBA.